Kifua cha Mzazi

Mtoto akizaliwa kabla ya miezi yake kutimia, wazazi wengi huogopa hata kumgusa. Humwachia mganga na Masista, wakidhani kwamba mashine peke yake ndiyo itakayomponya. Basi na tuone historia inatufundisha nini.

Mwaka 1880 mganga Mfaransa Stéphane Tarnier aliweka masanduku ya joto katika hospitali ya Maternité, Paris. Wazo alilipata kwa masanduku ya kuangulia vifaranga. Watoto wengi walipona. Lakini Pierre Budin, mwanafunzi wake, aliona hatari nyingine: mama akitengwa na mtoto wake, upendo wake hupoa upesi.

Miaka karibu mia ikapita. Mwaka 1978, mjini Bogotá, Kolombia, masanduku hayakutosha; watoto walilazwa pamoja wakaambukizana maradhi. Mganga Edgar Rey Sanabria akawaagiza akina mama wawafunge watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na kuwapa maziwa yao wenyewe. Njia hiyo ikaitwa ya kangaruu, mnyama wa Australia achukuaye mtoto wake mfukoni.

Mwaka 1988 ikafika Manama, hospitali ya misioni nchini Zimbabwe, isiyokuwa na masanduku hayo. Hapo kwanza, katika watoto 10 wasiofika kilo 1.5, alipona 1 tu. Baadaye walipona 5. Mwaka 2021 ukatangazwa uchunguzi wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania: watoto waliobebwa mara tu walipozaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo. Kwa hiyo mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri wabebwe saa 8 mpaka 24 kila siku.

Kwetu Kisangani jambo hili lina uzito. Umeme ukikatika, sanduku hupoa. Kifua cha mama hakipoi. Wazee walitufundisha kubeba mtoto mgongoni, na ni vema. Lakini huyu mdogo abebwe mbele, kichwa juu, ili pumzi yake isikike.

Nanyi akina baba, msione haya. Mama akichoka, kifua chenu kina joto lile lile. Mtakatifu Yosefu naye alimlinda Mtoto aliyekabidhiwa.

Kumbeba mtoto si kuikataa hospitali. Shikeni maagizo ya wauguzi, na dawa zitolewe kama ipasavyo. Lakini wakikuita, usisimame mlangoni: nawa mikono, fungua shati, umpokee mwanao.