Nyota Katika Lugha Yetu

Mtu atakaye kujua historia ya watu wetu hutafuta magofu, sarafu na maandishi ya kale. Twaongeza kuwa yampasa pia ainue macho usiku wa kipupwe, baina ya Juni na Agosti, mbingu zinapotakata. Hahitaji chombo chochote ila macho yake na lugha yake.

Na aanze na mashariki kabla ya kupambazuka, mwishoni mwa Juni. Ataona kishada cha nyota ndogo, sita au saba kwa mwenye macho makali. Hicho ndicho Kilimia, na jina lake latokana na kulima. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini hukiita isiLimela, na Wakikuyu wa Kenya hukiita Kirimira. Watu hawa wametengana kwa maelfu ya kilomita. Neno hili hawakuazimana, bali walirithi. Wazee wa pwani walifundisha kuwa Kilimia kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua. Walisema kweli: mwezi wa Mei, masika yangalipo, hupotea katika mwanga wa jua, kisha hurudi alfajiri ya Juni mvua kubwa zikiwa zimekwisha. Hii ilikuwa kalenda ya mkulima.

Baharia naye alikuwa na nyota zake. Mwezi wa Julai, saa 2 usiku, Nge huwa juu sana, na nyota nyekundu kifuani mwake. Upande wa kusini-magharibi huonekana Msalaba wa Kusini. Mwezi wa Agosti, kabla ya alfajiri, Suheli hung'aa kusini-mashariki. Manahodha waliufanya Suheli kuwa jina la kusini yenyewe, na kaskazini wakaiita Jaa, kwa jina la nyota ya ncha ya kaskazini. Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Unguja iko nyuzi 6 kusini ya Ikweta, na mtu akaaye huko hawezi kuiona Jaa maisha yake yote, kwani haichomozi. Basi neno hilo lilikuwa na manufaa kwa wale tu waliovuka Ikweta kwa majahazi. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, alipewa rubani wa kumfikisha Calicut. Elimu ya njia ilikuwapo baharini kabla yake.

Hivyo jembe na tanga vyote vimeacha majina yao mbinguni, na Kiswahili kimeyahifadhi. Lakini taa za umeme zazifunika nyota mijini, na vijana wengi hukutana na Kilimia katika kamusi tu. Twawaomba walimu wawatoe wanafunzi nje usiku mmoja wa kipupwe, mahali penye giza, wawaoneshe kwa kidole. Neno halirithiwi kwa kukaririwa peke yake. Hurithiwa pamoja na kile linachokitaja.