Kioo cha pikapu kinalia kikipanda? Anza na mpira, oili weka pembeni

Kama unaendesha pikapu kati ya Kasulu na Kibondo, hiyo sauti unaijua. Unabonyeza swichi, kioo kinapanda nusu, kinaanza kulia kwiiii, kinasita, halafu kinamalizia kwa shida. Wengi tunaongeza sauti ya redio, safari inaendelea. Mpaka siku kioo kinagoma kikiwa chini, saa moja jioni, wingu limetanda, na gari inabidi lilale nje.

Kelele nyingi za aina hii hazihitaji mota mpya. Zinahitaji maji, sabuni, kitambaa na kama nusu saa yako. Shida ni kwamba kitu cha kwanza tunachokimbilia, yaani oili, ndicho kinachoumaliza mpira.

Vumbi linafanya nini humo ndani

Kioo kinapita kwenye mfereji wa mpira, pembeni pande zote mbili na juu. Ndani ya mfereji huo mara nyingi kuna manyoya laini kama velveti, na hayo ndo yanafanya kioo kiteleze kimyakimya. Chini, pale kioo kinapozama mlangoni, kuna mipira mingine miwili, wa nje na wa ndani, kazi yake ni kupangusa kioo.

Sasa leta vumbi jekundu la huku kwetu. Ujenzi wa lami wa Kabingo–Kasulu–Manyovu umebadilisha mengi, lakini ukichepuka kwenda vijijini bado unakutana na udongo mtupu. Kuanzia Juni hadi Septemba vumbi linajikusanya kwenye yale manyoya. Mvua zikianza linakuwa tope, jua likiwaka linakauka, na mfereji unageuka msasa.

Mota ya kioo ni ndogo. Ikikutana na ukinzani inavuta umeme mwingi na kupata joto. Nyingi zina kinga ya joto inayozizima kwa muda, ndo maana kioo kinaweza kugoma, ukasubiri dakika kadhaa, kikafanya kazi tena kama vile hakuna kilichotokea. Hilo ni onyo. Ukiendelea kulazimisha, fyuzi itakatika au mota itaungua.

Sikiliza kwanza

Washa injini ili betri isikudanganye, kisha pandisha na kushusha kioo huku umenyamaza.

Sauti nyembamba ya kulia inatoka kwenye mpira. Mkwaruzo mzito, kama unasaga mchanga, mara nyingi unatoka ndani ya mlango kwenye mashine ya kioo, ile mikono au waya inayonyanyua kioo. Mlio wa kugongagonga ni bolti iliyolegea. Ukisikia mota inazunguka lakini kioo hakisogei, kuna kitu kimekatika au kimechomoka, usiendelee kubonyeza. Na kama vioo vyote vinapanda polepole, angalia betri na chaji kabla ya kulaumu mlango.

Kuna jaribio moja rahisi sana. Lowesha mfereji wa mpira kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha pandisha kioo. Kelele ikipotea au ikipungua, tatizo ni mpira na huna haja ya kufungua mlango.

Kusafisha mfereji

Shusha kioo chote. Funga kitambaa laini kwenye kijiti chembamba cha mbao, chovya kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo, pitisha ndani ya mfereji kutoka juu kwenda chini. Kamua, rudia. Usishangae kitambaa kikitoka chekundu kama tofali, mara ya tano bado kinaweza kuwa na rangi. Kwenye kona tumia mswaki wa zamani. Ule mpira wa nje unaopangusa kioo uvute taratibu kwa kidole na utoe mchanga uliokaa chini yake. Mchanga huo ndio unaochora ile mistari ya wima kwenye kioo.

Futa kwa maji safi, acha ukauke kabisa. Halafu pulizia spray ya silikoni kidogo kwenye kitambaa, au moja kwa moja ndani ya mfereji kwa kutumia mrija wake. Pandisha na kushusha kioo mara tatu nne ili isambae, kisha futa kioo, maana silikoni inaacha ukungu unaosumbua usiku taa za mbele zikikupiga. Hakikisha kopo limeandikwa silikoni. WD-40 ya kawaida ni nzuri kulegeza bolti yenye kutu, kwenye mpira wa kioo haikai. Ukikosa silikoni, usafi peke yake unaleta nafuu kubwa.

Oili chafu, dizeli, mawese

Nimewahi kupanda pikapu ambayo dereva wake alikuwa anapaka oili chafu kwenye mpira kila wiki. Kelele ilikuwa inaisha siku mbili, kisha inarudi na nguvu zaidi. Kifundi hilo halina maajabu: mafuta ya petroli, dizeli, oili na grisi ya kawaida huvimbisha mpira wa namna hii, unalegea na kubana kioo. Juu ya hapo mafuta yanakamata vumbi. Unatengeneza tope lisilokauka.

Mafuta ya mgando nayo yaache kwenye kabati. Mawese pia. Najua Kigoma mawese yanatibu kila kitu, ila kwenye mpira yataganda na kunata.

Ikibidi kufungua mlango

Kama sauti ni ya kusaga, kazi iko ndani. Pandisha kioo juu kabisa, kibane kwa soltepu pana kupitia juu ya fremu ya mlango, ndipo utoe waya hasi wa betri. Skrubu mara nyingi zimejificha nyuma ya kitasa na ndani ya kishikio. Ukishazitoa, kava linashikiliwa na pini za plastiki pembeni. Zibenue karibu na pini yenyewe, ukivuta katikati utapasua kava. Chomoa soketi ya swichi taratibu.

Nyuma ya kava kuna nailoni iliyogandishwa. Wengi wanaichana na kuitupa, na hilo ni kosa kubwa, kwa sababu ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari. Ibandue vizuri, utairudisha.

Kaza bolti za mashine ya kioo na mota. Safisha reli na meno, paka grisi nyeupe ya lithiamu, nyembamba tu, kwenye chuma kinachosuguana na chuma. Vaa glavu, kingo za bati la mlango zinakata. Usitie kidole kwenye mashine wakati umeme umeunganishwa, na mtoto asiwe karibu na swichi.

Kabla ya kufunga, angalia matundu madogo chini kabisa ya mlango. Ndiyo yanayotoa maji. Huku kwetu yanazibwa na udongo, maji yanabaki, mlango unaoza kutokea ndani. Yazibue kwa kijiti.

Ukirudisha betri, kioo kinachopanda chenyewe kwa mguso mmoja kinaweza kusahau kazi hiyo. Kwenye magari mengi unakipandisha hadi juu na kuendelea kushikilia swichi sekunde chache, kinakumbuka.

Kimegoma wazi njiani

Zima kila kitu, subiri mota ipoe kama dakika kumi. Angalia fyuzi, ikiwa imekatika weka yenye namba ileile, usiweke kubwa zaidi. Washa injini. Mtu mmoja akabane kioo kwa viganja, kimoja nje kimoja ndani, avute juu taratibu huku mwingine ameshikilia swichi. Akiwa amebana kwa viganja, vidole vyake vibaki mbali na fremu ya juu. Kikifika juu, kibane kwa soltepu na usikiguse tena mpaka ufike kwa fundi.

Na wale wa Land Cruiser za kuzungusha kwa mkono msicheke. Mfereji wa mpira ni uleule, na vumbi ni lilelile.