Kilichomponza Kinnebrook

Mwaka 1796, katika kituo cha kuangalia nyota cha Greenwich, Nevil Maskelyne alimwachisha kazi msaidizi wake, David Kinnebrook. Kosa la msaidizi huyo lilikuwa sekunde 0.8. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unatazama kwa darubini nyota ikivuka uzi mwembamba, huku sikio linahesabu mapigo ya saa, kisha unakadiria uzi ulivukwa wakati gani baina ya pigo moja na jingine. Maskelyne aliona vipimo vya msaidizi wake viko nyuma ya vyake. Akamwonya, tofauti ikazidi, akamtimua. Haikumpitikia kwamba kati yao wawili hakuna aliyekuwa na saa ya kumhukumia mwenzake.

Kisa hiki mimi humsimulia kila mwanafunzi wa isimu anayeniletea data za muda wa mwitiko, yaani muda ambao mtu huchukua kujibu, nimsaidie kuzichambua. Hiyo ndiyo kazi yangu, na karibu wote huanza pale pale alipoanzia Maskelyne: kumtoa anayechelewa.

Friedrich Bessel, mwanafalaki wa Königsberg, alikisoma kisa hicho baadaye, akaona ajabu kwamba mtu mwenye mazoezi akosee kiasi hicho tena kwa mpangilio. Miaka ya 1820 alijipima na wanafalaki wenzake waliobobea. Kati yake na mmoja wao, Argelander, ilionekana tofauti ya zaidi ya sekunde moja! Basi wanafalaki wakakubali kwamba kila jicho lina ucheleweshaji wake, wakaanza kuupima badala ya kuuadhibu.

Aliyeugeuza ucheleweshaji huo kuwa dirisha la akili ni Franciscus Donders wa Utrecht, tabibu wa macho. Katika miaka ya 1860 alimtaka mtu arudie silabi aliyoisikia. Mara ya kwanza mtu anajua kabisa kwamba atasikia "ki". Mara nyingine inaweza kuwa yoyote kati ya ka, ke, ki, ko, ku, silabi zile zile ambazo mtoto wa darasa la kwanza kwetu huziimba ubaoni. Donders akatoa muda mfupi katika muda mrefu, na kilichobaki akakihesabu kuwa muda wa kutambua na kuchagua. Hesabu ya kutoa tu, lakini ilitosha kuonyesha kwamba kufikiri kuna muda wake na unapimika. Kasoro yake iligunduliwa mapema: kazi ikibadilika, huenda na hatua nyingine zote zikabadilika nayo, na hapo kutoa hakufai.

Mmarekani James McKeen Cattell, aliyesomea Leipzig kwa Wilhelm Wundt, alionyesha mwaka 1886 kwamba mtu huchukua muda mrefu zaidi kutaja picha au rangi kuliko kusoma neno. Kisha, mwaka 1971, Meyer na Schvaneveldt waliwaonyesha watu jozi za mifuatano ya herufi waamue kama yote miwili ni maneno halisi. Jozi zenye uhusiano, kama mkate na siagi, zilijibiwa kwa wastani wa milisekunde 855, zisizohusiana, 940. Milisekunde 85 hizo zimezaa tafiti zisizohesabika.

Miaka miwili baadaye Herbert Clark alikuja na hoja iliyowaharibia wengi usingizi. Watafiti, alisema, wanajua kwamba watu 30 waliowapima ni sampuli tu ya watu, lakini wanasahau kwamba maneno 20 waliyoyachagua nayo ni sampuli tu ya maneno. Chukua mwanafunzi anayelinganisha majina ya ngeli mbili za Kiswahili. Upande mmoja ana kitabu, kiti, kisu. Upande mwingine kaangukia nyungunyungu na ngawira. Tofauti atakayoipata huenda haina habari na ngeli. Ni kwamba kitabu tumekisoma tangu utotoni, na ngawira wengi hukutana nayo mara moja moja. Aongeze watu hata mia tano, kosa litabaki, maana walioonewa ni maneno.

Dawa ya mwanzo ilikuwa kupiga hesabu mara mbili, kwa wastani wa watu na kwa wastani wa maneno. Ilikuwa kazi ya kubahatisha kidogo, na wengi waliifanya kwa kutimiza desturi. Mwaka 2008 Baayen, Davidson na Bates walieleza njia ya kuwaweka watu na maneno pamoja katika modeli moja, kila mtu na kasi yake, kila neno na ugumu wake. Programu yake hutolewa bure kama kifurushi cha R, mfumo wa hesabu za takwimu, ikimfikia hata mwanafunzi mwenye kompyuta ya mkononi iliyochakaa.

Inabaki ile tabia ya Maskelyne. Muda wa mwitiko haushuki chini ya kiwango fulani, ila unaweza kurefuka upendavyo, kwa hiyo mchoro wake huwa na mkia mrefu kuliani. Wengi huukata kwa kanuni ya mikengeuko sanifu miwili kutoka wastani. Mimi siipendi: majibu marefu sana huukuza mkengeuko wenyewe, yakajikinga yasikatwe. Kikomo kimoja kwa wote ni kibaya zaidi. Ukikata kila kinachozidi milisekunde 1,500, umemfuta mzee anayesoma polepole na aliyejifunza Kiswahili ukubwani, ukabaki na vijana wa chuo. Jibu la milisekunde 100 ndilo la kutilia shaka, kwa kuwa huyo kabonyeza kabla ya kusoma.

Kwa hiyo ukija kwangu, njoo na faili zima. Andika kanuni yako ya kukata kabla hujaona matokeo, jaribu uchambuzi kwa logi (logarithimu) ya muda na bila logi, kisha useme wazi umeondoa majibu mangapi na yalikuwa ya nani.