Kusoma Utabiri wa Mvua: Mambo Yaliyotokea Kongwa

Somo limepigwa chapa hapa ili ulisome pole pole na kulijadili na wenzako.

Mfikirie mkulima anayekaa Nkuhungu, katika Jiji la Dodoma, na shamba lake liko nje ya mji. Kabla ya kupanda anasikia redioni kwamba mvua za msimu zitakuwa za wastani. Anafurahi, ananunua mbegu za mahindi. Je, amefanya vema? Kabla hujajibu, nataka ujue kwamba neno hilo wastani liliwahi kuwapoteza watu wakubwa kuliko yeye, tena hapa hapa Ugogo.

Mwaka 1946 vita vilikuwa vimekwisha, na Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Bwana Frank Samuel wa United Africa Company akatoa shauri kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza ikatuma watu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kama wiki tisa, na sehemu nyingine waliitazama nchi kutoka katika ndege. Mwaka 1947 mpango ukatangazwa: eka 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya pauni kama milioni 25. Mahali pa kuanzia palikuwa Kongwa, mashariki ya Dodoma.

Sasa tazama jinsi nchi ilivyokaa. Mashariki ya Ugogo iko milima ya Ukaguru na Rubeho. Hewa yenye unyevu itokayo baharini hupanda milima hiyo, hupoa, nayo huacha mvua yake huko. Ikishuka upande wetu imekwisha kukauka. Ndiyo sababu Morogoro kuna kijani na sisi tuna miiba. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, tangu mwisho wa Novemba au Desemba mpaka Aprili, na hata huo hukatika katikati.

Wale wataalamu walikuwa na kumbukumbu chache za mvua ya Kongwa. Waliona jumla ya mwaka yatosha karanga. Lakini karanga hazinywi jumla ya mwaka; hunywa mvua ya wiki hii na ya wiki ijayo. Tena udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Jua likiwaka hukauka ukawa mgumu kama tofali, na karanga, kama ujuavyo, hukomaa chini ya ardhi. Mvua ikikatika mapema, mavuno yamefungiwa humo humo. Mwaka wa kwanza walikusudia kulima eka 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Mwaka 1949 ukame ukawapata. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango ule mkubwa umeachwa, na hasara ilipita pauni milioni 36.

Sisemi kwamba mvua peke yake ndiyo iliyoharibu. Matrekta yalikuwa mabovu, yaliyokwisha kutumika vitani, na vichaka vile na mibuyu ile vilivunja vyuma vingi. Hata hivyo, trekta bovu laweza kutengenezwa. Mvua isiyokuja haina fundi.

Wenyeji walikuwa na elimu yao. Waulize wazee wa Kigogo habari za Mtunya, njaa kuu ya mwaka 1918 mpaka 1920, iliyokuja baada ya majeshi kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana, kisha mvua zikakosa. Njaa ilipewa jina ili isisahauliwe. Ndiyo maana watu walishika mtama na uwele, wakaweka akiba yao katika mifugo. Hiyo nayo ni namna ya kuandika kumbukumbu za mvua.

Turudi kwa mkulima wetu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikisema mvua za wastani, maana yake ni kati ya asilimia 75 na 125 ya kiasi cha kawaida cha mahali. Kawaida ya Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka. Piga hesabu: wastani waweza kuwa milimita 430, na waweza kuwa 710. Zote mbili zitaitwa kwa jina moja! Milimita 430 zikigawanyika vizuri, uwele utakuwa, na mahindi yatahangaika. Zikija zote Desemba na Januari, kisha Februari ikawa kavu, mahindi yatakauka yakiwa yanachanua. Basi usiishie kwenye neno wastani. Sikiliza mvua zinatazamiwa kuanza lini, kwisha lini, na kama kuna vipindi virefu vya ukavu. Halafu endelea kusikiliza utabiri wa siku kumi na wa kila siku, kwa maana ule wa msimu hutolewa mapema nao hurekebishwa.

Na usidhani mwaka mkavu hauna mafuriko. Mvua kubwa, katika tahadhari za Mamlaka, ni ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha Nkuhungu chenye mita 20 kwa 20 kitapokea lita 20,000 kwa usiku mmoja, yaani mapipa 100, na hayo ni ya kwako tu. Ya jirani aliye juu yatakuja pia.

Kazi ya wiki hii: chukua kopo lenye kuta zilizonyoka, liweke mahali pa wazi mbali na miti na paa. Kila asubuhi saa tatu pima maji kwa rula, uandike milimita na tarehe, kisha ulimwage. Darasani mjadiliane swali hili: kama daftari kama hilo la miaka thelathini lingekuwako Kongwa mwaka 1946, ni kurasa zipi ambazo Bwana Wakefield angepaswa kuzisoma kwanza?