Jinsi ya kuhariri video za familia kwa tarakilishi hafifu na fedha kidogo

FAMILIA nyingi nchini zimerundika video za harusi, mazishi, sherehe za mahari na mikutano ya ukoo katika simu, kadi za kumbukumbu na kanda za zamani. Nyingi kati ya hizo hazitazamwi tena baada ya kurekodiwa, kwa kuwa ni ndefu mno na hazina mpangilio. Simu ikipotea au kadi ikiharibika, sauti ya nyanya akisimulia asili ya ukoo hupotea nayo, na hakuna duka linaloweza kuiuza tena.

Kinachowazuia wengi kuzishughulikia ni imani kwamba kuhariri video huhitaji mashine ya bei ghali na programu za kulipiwa. Imani hiyo haina msingi. Kipakatalishi cha mtumba chenye kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 4 chaweza kuifanya kazi hiyo, mradi ipangwe kulingana na uwezo wake.

Kinachoilemea mashine

Tarakilishi hukwama si kwa sababu ya ukubwa wa faili pekee, bali zaidi kwa namna video ilivyobanwa. Simu na kamera nyingi hutumia mfumo wa H.264, uliotolewa mwaka wa 2003, au ule wa HEVC wa mwaka wa 2013. Katika mifumo hii, fremu chache tu, ziitwazo fremu kuu, ndizo huhifadhiwa zikiwa kamili. Zilizobaki huweka tu mabadiliko yaliyotokea baina ya fremu moja na nyingine.

Kwa hivyo, mhariri anaporuka hadi sekunde fulani, mashine hulazimika kurudi kwenye fremu kuu iliyotangulia na kuzijenga upya zinazofuata hadi ifikie ile inayotakiwa. Hapo ndipo picha hugandamana na sauti kukatikakatika.

Kanda za MiniDV, zilizotumiwa sana na wapigaji video katika miaka ya 2000, zadhihirisha jambo hili. Saa moja ya video ya DV hujaza takriban gigabaiti 13, lakini kila fremu hujitegemea. Ndiyo maana tarakilishi za enzi hizo, ambazo leo zingeonekana duni, ziliweza kuzihariri bila taabu kubwa.

Jambo la pili ni idadi ya pikseli. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2, na ile ya 4K ina mara nne ya hizo. Lakini fremu ya 640 kwa 360 ina sehemu moja tu kati ya tisa za ile ya 1920 kwa 1080. Anayejua hesabu hii huwa ameshapata nusu ya suluhisho.

Kuchuja kwanza

Hatua ya kwanza ni kunakili video zote kutoka kwa simu au kadi hadi kwenye diski, kisha kutengeneza nakala ya pili mahali tofauti kabla ya kugusa chochote. Baada ya hapo, video hutazamwa zote huku dakika zenye maana zikiandikwa kwenye karatasi. Kazi hii haihitaji nguvu yoyote ya mashine, ila subira ya mtazamaji.

Sehemu zilizochaguliwa hukatwa kwa programu kama vile LosslessCut au Avidemux, ambazo hupatikana bila malipo. Programu hizi zaweza kukata video bila kuibana upya, hivyo hata tarakilishi kuukuu humaliza kwa muda mfupi, na ubora wa picha haupungui. Hata hivyo, ukataji wa aina hii hufuata fremu kuu, na kipande chaweza kuanza mapema kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Ni busara basi kuacha sekunde kadhaa za ziada kila upande. Saa tatu za harusi zikichujwa na kubaki dakika 30, mzigo wa mashine huwa umepungua mno kabla ya uhariri wenyewe kuanza.

Nakala nyepesi

Siri kubwa ya wahariri wenye vifaa hafifu ni kufanya kazi kwa nakala nyepesi. Programu ya Kdenlive, iliyoanzishwa mwaka wa 2002, na ile ya Shotcut zote hutolewa bure, na zote zina uwezo wa kutengeneza nakala ndogo ya kila kipande. Mhariri hukata, hupanga na kuunganisha akitumia nakala hizo. Wakati wa kutoa video kamili ukifika, programu huzirejelea faili za asili, na picha hutoka ikiwa na ubora wake wote.

Ili mpango huu ufaulu, faili za asili hazipaswi kufutwa, kubadilishwa majina wala kuhamishwa hadi folda nyingine kazi ikiendelea, kwani programu itashindwa kuzipata.

Aidha, ieleweke kwamba programu ya bure si lazima iwe nyepesi. DaVinci Resolve, kwa mfano, ina toleo lisilolipiwa na husifiwa na wataalamu, lakini huhitaji RAM ya gigabaiti 16 au zaidi pamoja na kadi ya picha yenye nguvu. Nayo Windows Movie Maker, iliyotegemewa na wengi zamani, iliacha kutolewa na kampuni ya Microsoft mnamo Januari 2017. Anayeitafuta leo kwenye tovuti asizozijua hujiweka katika hatari ya kupakua programu bandia.

Sauti na mapambo

Mtazamaji huvumilia picha iliyotikisika, lakini huchoshwa haraka na maneno yasiyosikika. Programu ya Audacity, ambayo pia ni ya bure, husaidia kupunguza mvumo wa upepo na kuinua sauti ya msemaji. Kazi ya sauti hailemei tarakilishi kama ya picha.

Tatizo jingine la mara kwa mara ni midomo kutolingana na maneno. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayopandashuka kila sekunde, na baadhi ya programu huchanganyikiwa. Dawa yake ni kuipitisha video kwenye HandBrake na kuchagua idadi ya fremu isiyobadilika.

Kuhusu mapambo, machache yatosha. Kila rangi inayoongezwa, maandishi yanayorukaruka na picha zinazopishana huongeza hesabu za mashine. Mkato wa kawaida haugharimu kitu. Anayenuia kuiweka video mtandaoni akumbuke pia kwamba wimbo uliopigwa harusini una mwenyewe, na video yaweza kuzuiwa kwa sababu ya hakimiliki.

Kutoa video kamili

Hatua hii ndiyo huchukua muda mrefu zaidi, na tarakilishi hafifu yaweza kukesha ikiifanya. Hakuna ubaya, mradi iachwe peke yake bila programu nyingine kufunguliwa. Kipakatalishi kiwekwe juu ya meza ngumu wala si kitandani, ili hewa ipite. Kabla ya kukiacha usiku kucha, inafaa kutoa sekunde 30 za majaribio ili kuthibitisha kwamba picha na sauti zi sawa.

Kwa kuwa umeme waweza kupotea wakati wowote, video ndefu ni heri itolewe kwa sehemu za dakika 10 hivi, kisha ziunganishwe. Umeme ukipotea, sehemu moja tu ndiyo hurudiwa. Ukubwa wa 1280 kwa 720 watosha kwa televisheni nyingi za nyumbani. Ikiwa video itabebwa kwa flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32, faili moja isizidi gigabaiti 4, la sivyo haitanakilika.

Kuhifadhi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila faili ipewe jina lenye tarehe, mahali na tukio, na majina ya wazee wanaoonekana yaandikwe wangali wapo wa kuwatambua. Video iliyokamilika na zile za asili zihifadhiwe mahali pawili tofauti, mathalani diski ya nje nyumbani na nyingine kwa jamaa anayeaminika.

Zaidi ya yote, zile za asili zisifutwe kwa kuwa tu kazi imekwisha. Mhariri huchagua kwa macho ya leo. Hotuba ya babu iliyoondolewa kwa kuwa ilirefusha sherehe yaweza kuwa ndiyo itakayotafutwa na wajukuu, na hapo itapatikana tu ikiwa faili ya asili ipo.