Toka reli mpaka barabara: kwa nini magurudumu ya gari yanyooshwe

LIKASI – Reli ilifika Élisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1910. Mwaka 1913 ikafika Kambove, karibu na Likasi. Kwa miaka mingi shaba na watu walisafiri kwa treni. Mwaka 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilizofukuzwa Likasi zililala kwenye gare zikingoja treni ya kuziondoa. Leo treni ni chache, na anayehama na mizigo yake hupanda lori ao basi.

Magurudumu ya treni yamefungwa mawili mawili kwenye ekseli moja, na reli huyaongoza. Ya mbele ya gari hugeuka kila moja kwa kiungo chake. Shida hiyo ilijulikana tangu magari ya farasi: kwenye kona, gurudumu la ndani linapaswa kugeuka zaidi kuliko la nje. Mjerumani Lankensperger alipata dawa yake, na Ackermann akaiandikisha London mwaka 1818. Dunlop alipoleta mpira wa upepo mwaka 1888, kauchu ilianza kutafutwa sana, na wakaaji wa Kongo ya Leopold wa Pili walilazimishwa kuivuna kwa mateso makubwa.

Mpira huo bado ni ghali kwa shofere wa Likasi. Gurudumu likipinda kwa digrii 1 tu, kila kilomita linasuguliwa kwa upande karibu mita 17. Toka Likasi mpaka Lubumbashi, karibu kilomita 120, hiyo ni kilomita 2 za kusuguliwa bure. Shimo moja barabarani linatosha kulipindisha.

Dalili zinaonekana. Mpira ukiisha upande mmoja, mara nyingi magurudumu hayakunyooka. Ukiisha pande zote mbili, upepo ni mdogo. Ukiisha katikati, upepo umezidi. Gari likivuta upande mmoja, ao volani ikikaa kombo njia ikiwa nyoofu, ni lazima lipelekwe garaji kufanyiwa paralelisimu. Fundi aangalie kwanza viungo vya volani: vikilegea, kipimo hakitadumu.

Mpira uliolika unaweza kupasuka kwa mwendo, na mvua ikinyesha haushiki lami. Juu ya lori lililojaa familia na magodoro, hakuna reli ya kulizuia lisitoke njiani. Kabla ya kulipa nauli, abiria anaweza kuangalia mipira ya mbele: ikiwa imelika upande mmoja mpaka nyuzi zinaonekana, heri angoje gari lingine.