Video ya uzinduzi ya Dollar Shave Club (2012)

Video ya uzinduzi ya Dollar Shave Club ni klipu ya dakika moja na nusu hivi iliyowekwa YouTube tarehe 6 Machi 2012 na kampuni changa ya Marekani iliyouza nyembe za kunyolea ndevu kwa njia ya posta. Jina la video lina tusi, na magazeti mengi huliandika kwa nyota. Iligharimu takriban dola 4,500, ikaleta oda 12,000 ndani ya saa 48, na hadi leo ni miongoni mwa zinazotajwa kwanza yanapozungumzwa matangazo ambayo watu hutumiana wenyewe bila kampuni kulipia usambazaji. Kwa kawaida husimuliwa kama bahati ya kijana mcheshi aliyeshika kamera. Ukifuatilia mambo yalivyokwenda, bahati ilikuwa na sehemu ndogo.

Asili

Mwanzilishi, Michael Dubin, alifanya kazi za habari na masoko jijini New York. Nje ya saa za kazi, kwa miaka kadhaa, alijifunza uchekeshaji wa papo kwa papo katika Upright Citizens Brigade, kikundi na shule iliyowatoa wachekeshaji wengi wa televisheni ya Marekani. Mwishoni mwa mwaka 2010 alikutana kwenye sherehe na Mark Levine, aliyekuwa na shehena ya nyembe ghalani zikisubiri mnunuzi. Wawili hao wakaanzisha biashara mwaka 2011 katika eneo la Los Angeles, na tovuti ya majaribio ikafunguliwa mwaka huohuo.

Soko waliloliingia lilikuwa na mwenyewe. Gillette, inayomilikiwa na Procter & Gamble tangu 2005 kwa ununuzi wa dola bilioni 57, ilishika karibu asilimia 70 ya mauzo ya nyembe Marekani. Vichwa vya wembe vilikuwa ghali kiasi kwamba maduka mengi yalivifungia kwenye makabati kwa kuogopa wizi. Mwanamume aliyekwenda kununua kitu cha kunyolea ndevu alilazimika kumtafuta mhudumu mwenye ufunguo, asubiri, kisha alipe bei iliyomuudhi. Kero hiyo ilikuwepo miaka mingi bila mtu wa kuisema kwa sauti.

Nyembe zenyewe hazikuwa uvumbuzi. Zilitengenezwa na Dorco, kampuni ya Korea Kusini, ambayo nayo ilikuwa ikiziuza bila kelele. Methali isemayo kizuri chajiuza haikuisaidia Dorco. Dollar Shave Club ilichoongeza ni usajili wa kila mwezi wa ngazi tatu: wembe wa makali mawili kwa dola moja pamoja na dola mbili za kusafirisha, wa makali manne kwa dola 6, na wa makali sita kwa dola 9.

Video yenyewe

Ilipigwa kwa siku moja ndani ya ghala. Mwongozaji alikuwa Lucia Aniello, aliyefahamiana na Dubin kupitia Upright Citizens Brigade, na ambaye baadaye alijipatia jina na tuzo ya Emmy kwa mfululizo wa vichekesho uitwao Hacks (2021).

Dubin ameketi mezani. Anajitambulisha, anataja kampuni, anaeleza kwamba kwa dola moja kwa mwezi nyembe zitaletwa mpaka mlangoni. Hapo zimepita sekunde 15 hivi, na hata anayeacha kutazama wakati huo ameshajua ni nani anauza, anauza nini na kwa kiasi gani. Kisha anasimama na kuanza kutembea. Kamera inarudi kinyumenyume mbele yake huku akipita kati ya maboksi, uso mkavu kama wa msomaji wa taarifa ya habari, wakati mambo ya ajabu yanaendelea pembeni: mtoto mdogo ananyoa kichwa cha mtu mzima, panga linatokea, mtu aliyevaa vazi la dubu anapita. Mwishoni noti zinapeperushwa hewani na Dubin anacheza muziki na mfanyakazi wa ghala.

Kinachosahauliwa na wengi wanaoiga ni kwamba karibu kila mzaha umebeba hoja ya kuuza. Tusi lililo kwenye jina, linalosifu ubora wa nyembe, linajibu shaka ya kwanza ya mnunuzi, kwamba kitu cha dola moja lazima kiwe kibovu. Mtoto anayenyoa anaonyesha kwamba wembe haukati ngozi. Dubin anapodai kwamba katika kila dola 20 za wembe wa jina kubwa dola 19 zinakwenda kwa Roger Federer, aliyekuwa balozi wa Gillette, anaeleza gharama za matangazo kwa sentensi moja ambayo mhasibu angehitaji ukurasa kuieleza. Mara moja anajisifu kwamba yeye naye anajua tenisi, anapiga, anaukosa mpira. Mzaha kuhusu babu mtanashati aliyekuwa na wembe wa ukali mmoja na ugonjwa wa polio, ambao wengine waliuona umevuka mpaka, unashambulia mazoea ya viwanda kuongeza makali kila miaka michache na kupandisha bei. Ukiiondoa dhihaka, yanabaki maelezo kamili ya biashara.

Siku ya uzinduzi

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, siku chache kabla ya tamasha la teknolojia la South by Southwest mjini Austin, wakati ambapo waandishi wa habari za teknolojia wanatafuta cha kuandika. Siku hiyohiyo ilitangazwa kwamba kampuni imepata mtaji wa dola milioni moja kutoka kwa wawekezaji wakiwemo Kleiner Perkins na Andreessen Horowitz. Waandishi walipewa habari mbili kwa mpigo: fedha za watu wazito na kichekesho cha kuweka chini yake.

Hata wawekezaji walikuwa wameiona video kabla ya umma. Michael Jones, aliyewahi kuiongoza MySpace na wakati huo akiwa mkuu wa Science Inc. ya Santa Monica, alioneshwa klipu hiyo alipokutana na Dubin, na akakubali kuilea kampuni. Kwa hiyo video ilianza kufanya kazi yake kwenye meza ya mtu mmoja muda kabla ya kupandishwa YouTube.

Tovuti ilizidiwa na kuanguka muda mfupi baada ya uzinduzi. Dubin ameisimulia hofu ya siku ile mara nyingi: miezi ya maandalizi, watu wanabisha hodi, mlango haufunguki. Iliporudi hewani oda ziliendelea kumiminika hadi kufikia zile 12,000, nyingi kupita uwezo wa ghala lao.

Sababu za kusambaa

Utafiti wa Jonah Berger na Katherine Milkman, uliochapishwa mwaka huohuo wa 2012 baada ya kuchambua karibu makala 7,000 za gazeti la New York Times, ulionyesha kwamba maandishi yanayoamsha hisia kali, kama mshangao, hasira au wasiwasi, hutumwa zaidi kwa wengine kuliko yale yanayotia huzuni. Video hii ilikuwa na mshangao wa kutosha, na hasira ya bei ilikuwepo tayari kwa watazamaji. Aliyemtumia mwenzake klipu hii alimpa mambo mawili kwa pamoja, kicheko na njia ya kuokoa pesa, na yeye mwenyewe akaonekana mjanja.

Mazingira ya mtandao nayo yalisaidia. YouTube ilibadili mfumo wake wa kupendekeza video mwaka huohuo wa 2012, ikaanza kuangalia muda ambao mtu anatazama badala ya idadi ya mibofyo, jambo linaloifaa video inayotazamwa hadi mwisho. Facebook ilikuwa bado inaonyesha machapisho ya kampuni kwa wafuasi wengi bila malipo. Uchunguzi wa Ogilvy uliona kiwango hicho kikishuka kutoka takriban asilimia 12 ya wafuasi Oktoba 2013 hadi asilimia 6 Februari 2014. Kampuni ambayo ingejaribu njia ileile miaka miwili baadaye ingekuta mlango umeegeshwa na mtu akidai kiingilio.

Watangulizi na waigaji

Kabla yake ilikuwepo Blendtec ya Utah, ambayo kuanzia mwaka 2006 mwanzilishi wake Tom Dickson alivaa koti jeupe na kusaga kwenye blenda vitu visivyosagika, ikiwemo simu ya iPhone mwaka 2007, mwaka uleule ilipotoka.

Mfano wa kufundishia zaidi, ingawa hauchekeshi, ni Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni. Mwanzilishi wake, Drew Houston, alirekodi kioo cha kompyuta yake kwa dakika chache, sauti yake ikieleza jinsi faili linavyohama kutoka mashine moja hadi nyingine. Aliilenga kwa wasomaji wa tovuti ya Digg na kuficha ndani ya majina ya mafaili utani ambao wao tu wangeuelewa. Orodha ya wanaongojea ikapanda kutoka watu 5,000 hadi 75,000 kwa usiku mmoja. Hakuna aliyecheza na dubu. Hadhira ndogo iliyochaguliwa vizuri ilitosha.

Walioiga baada ya 2012 ni wengi mno. Kampuni ya Harmon Brothers, pia ya Utah, ilijenga jina kwa video za bidhaa za msalani: Poo-Pourri (2013) na Squatty Potty (2015), hii ya pili ikiwa na farasi wa pembe moja anayejisaidia aiskrimu. Hizi hazipaswi kuwekwa kapu moja na Dollar Shave Club bila tahadhari, kwa sababu baada ya kuwaka zilichochewa kwa fedha za matangazo. Wenyewe Dollar Shave Club walijaribu tena Juni 2013 kwa ajili ya karatasi zao laini za msalani, na kishindo hakikuwa kilekile.

Kizazi kipya huzindua kwenye X. Cluely, programu ya akili unde, ilitoa Aprili 2025 video ya mwanzilishi wake, Roy Lee, akiitumia kumdanganya mwanamke waliyetoka naye kwa chakula cha jioni. Ilisambaa zaidi kwa wanaoilaani kuliko wanaoisifu, na hesabu ya watazamaji haitofautishi makundi hayo mawili. Google nayo ilijikuta ikishambuliwa Desemba 2023 ilipobainika kwamba onyesho la kusisimua la Gemini lilikuwa limehaririwa: mazungumzo hayakufanyika kwa sauti moja kwa moja kama yalivyoonekana. Na kisanduku cha vinywaji cha Coolest, kilichochangisha zaidi ya dola milioni 13 Kickstarter mwaka 2014 kwa msaada wa video nzuri, hakikuwafikia maelfu ya waliochangia.

Afrika Mashariki

Video za aina hii husafiri sana kwa WhatsApp, ambako hakuna hesabu ya watazamaji inayoonekana hadharani.

Matokeo ya baadaye

Mapato ya kampuni yalifika dola milioni 152 mwaka 2015. Kwa kadiri ilivyokua ndivyo ilivyoacha kutegemea watu kutumiana klipu, ikanunua matangazo ya televisheni kama washindani wake. Gillette ilianzisha klabu yake yenyewe ya usajili, ikaishtaki Dollar Shave Club kwa madai ya hataza Desemba 2015, na mwaka 2017 ikashusha bei. Sehemu yake ya soko la Marekani ilikuwa imeteremka hadi asilimia 54 hivi mwaka 2016. Kwa mnunuzi wa kawaida, hata asiyewahi kuitazama video, punguzo hilo la bei ndilo tunda kubwa zaidi la kisa hiki.

Julai 2016 Unilever ilitangaza kuinunua Dollar Shave Club, ikiwa na wanachama milioni 3.2, kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola bilioni moja taslimu. Wakati huo kampuni ilikuwa haijapata faida. Bidhaa zake ziliingia Walmart mwaka 2020, yaani kwenye rafu zilezile ambazo Dubin alikuja kuzikwepa, na mwenyewe aliacha ukurugenzi Januari 2021. Video imeshatazamwa zaidi ya mara milioni 25. Mwaka 2023 Unilever ilikubali kuuza asilimia 65 ya hisa kwa kampuni ya uwekezaji ya Nexus Capital Management na kubaki na asilimia 35.